Mkono Kwenye Kiwele

Kazi inaanza na ndama. Kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Kiboriani, upande wa Mpwapwa, bibi mwenye zizi anafungua kibanda cha miti alimolala ndama peke yake usiku kucha. Ndama anakwenda moja kwa moja kwa mamaye, na hakosei, ingawa zizini wamejaa ng'ombe wanaofanana: wadogo, wenye nundu, pembe fupi, ngozi iliyozoea jua. Anakipiga kiwele kwa pua, anashika chuchu, ananyonya kidogo, anahamia ya pili. Bibi amesimama pembeni na kamba mkononi. Ndoo ameiweka juu ya jiwe. Anachokitazama ni koo la ndama.

Mwanzoni ndama anavuta sana na kumeza kidogo. Baadaye povu jeupe linatokea pembeni mwa mdomo wake, kumeza kunakuwa kwa mfululizo, na mkia unaanza kucheza. "Ameshusha," bibi anasema. Hapo ndipo anapomvuta ndama na kumfunga karibu na mguu wa mbele wa ng'ombe, mahali ambapo mamaye anaweza kumlamba lakini yeye hawezi kukifikia kiwele. Miguu ya nyuma anaifunga kwa kamba ya katani, fundo jepesi linalofunguka kwa mvuto mmoja. Hapigi kelele wala hampigi ng'ombe, na wajukuu wanaopita wanajua wapite mbali.

Utulivu huo una kazi yake ndani ya mwili wa ng'ombe. Ukikipasua kiwele ukakitazama kwa hadubini utaona vifuko vidogo mno vimeshikana kwenye vijirija vyake kama vishada vya zabibu za Dodoma. Maziwa mengi yamo humo juu, ndani ya vifuko. Sehemu ndogo tu ndiyo iliyotiririka ikakaa karibu na chuchu, na kwa ng'ombe hawa wa asili sehemu hiyo ni ndogo zaidi kuliko kwa ng'ombe wa kizungu. Ulimi wa ndama unapogusa chuchu, habari inapanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na tezi ya pituitari inamwaga homoni iitwayo oksitosini kwenye damu. Homoni hiyo inafika kwenye nyuzi za misuli zinazozunguka kila kifuko, nyuzi zinajikaza, maziwa yanasukumwa chini. Huchukua dakika moja hivi, pengine mbili. Ng'ombe akishtuka, adrenalini inazuia kazi yote hiyo, na hakuna nguvu ya mkono itakayoyatoa maziwa yale.

Kwa hiyo bibi anakamua upesi bila kufanya pupa, kwa sababu oksitosini haikai kwenye damu zaidi ya dakika chache. Anachuchumaa upande wa kulia, paji la uso karibu na ubavu wa ng'ombe. Kidole gumba na cha shahada vinaibana chuchu juu kabisa, ili maziwa yasirudi kiweleni. Kisha cha kati, cha pete na kidogo vinafuata kwa zamu, kila kimoja kikisukuma chini kilichoachiwa na cha juu yake. Havuti. Wanaojifunza huvuta, na chuchu huumia, na ng'ombe huanza kurusha teke. Mkono wa kulia unabana wakati wa kushoto unaachia. Mlio kwenye ndoo ni mkali mwanzoni, maziwa yakipiga bati tupu, kisha unakuwa mzito kadiri povu linavyopanda. Chuchu mbili anazikamua, mbili anamwachia ndama. Kwa ng'ombe wa asili wa nyanda hizi, lita moja au mbili kwa mkamuo ni jambo la kushukuru.

Katika kila lita hiyo kuna gramu thelathini na kitu za protini, na karibu asilimia 80 ya protini hiyo ni kaseini, ile inayogeuka kuwa mgando kwenye kibuyu. Kila gramu imetengenezwa na seli zinazokizunguka kifuko kwa ndani, safu moja tu ya seli, kwa maelekezo ya jeni. Nilipokuwa nimesimama zizini nikimtazama bibi, nilikuwa nikijiuliza juu ya jambo ambalo wanasayansi wamelifuatilia kwa zaidi ya nusu karne. Jeni za kaseini zimo katika kila seli ya ng'ombe yule. Zimo kwenye ngozi ya sikio lake na kwenye ini lake. Zimo hata ndani ya fahali aliyelala kule pembeni akicheua. Kwa nini basi zinafanya kazi kiweleni tu, na kiweleni penyewe kwa majira yake?

Ng'ombe ana jozi 30 za kromosomu. Kwenye kromosomu ya 6, katika kipande cha takriban herufi 250,000 za DNA, jeni nne za kaseini zimepangwa jirani: alfa-S1, beta, alfa-S2 na kapa. Tatu za kwanza ni za tawi moja la ukoo. Ya nne ilitoka tawi jingine. Majirani zao wa karibu ni jeni za mate, na ukoo mzima una undugu na jeni za protini zinazojenga meno. Jeni nyingine mbili za protini za maziwa ziko mbali, kila moja kwenye kromosomu yake: ya beta-laktoglobulini, na ya alfa-laktalbumini, ambayo imetokana na jeni ya zamani sana ya lisozimu, kimeng'enya cha kuua bakteria. Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote. Protini yake husaidia kutengeneza laktosi, sukari ya maziwa, na laktosi ndiyo inayovuta maji kuingia kwenye kifuko. Panya walioondolewa jeni hiyo maabarani walitoa maziwa mazito kiasi kwamba watoto wao hawakuweza kuyanyonya.

Kazi ya kuandaa huanza ng'ombe akiwa na mimba. Homoni za mimba zinavijenga vifuko, tawi juu ya tawi, na seli zinajaa vifaa vya kutengenezea protini. Lakini wakati huohuo projesteroni, homoni ileile inayoilinda mimba, inazizuia zisianze kumwaga maziwa. Kila kitu kiko tayari, na kinasubiri. Siku za kuzaa zikikaribia, projesteroni inashuka ghafla, prolaktini na kortisoli zinapanda, na kizuizi kinaondoka. Kwanza inatoka dang'a, nzito na ya njano, iliyojaa kingamwili ambazo kiwele hakikuzitengeneza. Kimezichota kwenye damu ya mama na kuzipitisha ndani ya seli zake. Bibi hagusi dang'a. Ni ya ndama yote, anasema, na ndivyo mganga yeyote wa mifugo atakavyokuambia.

Kisha jeni zinafunguka kwelikweli, na hapa ndipo kazi inapokuwa ya ustadi mkubwa. Prolaktini haiingii ndani ya seli. Inashika kipokezi kilichochomoza kwenye utando wa nje, na vipokezi viwili vinakaribiana. Kimeng'enya kilichoshikamana navyo kwa ndani, JAK2, kinaamka na kubandika fosfati kwenye protini iitwayo STAT5, iliyokuwa ikielea tu bila kazi. STAT5 mbili zenye fosfati zinashikana, zinaingia kwenye kiini cha seli, na zinatafuta mahali pao kwenye DNA. Mahali penyewe ni herufi tisa tu: TTC, kisha tatu zozote, kisha GAA. Ziko karibu na mwanzo wa jeni ya kaseini. STAT5 inatua hapo, na mashine ya kunakili inaanza kuisoma jeni.

STAT5 ilipatikana kwa mara ya kwanza kwenye kiwele cha kondoo, na kundi la mwanasayansi Bernd Groner huko Basel, Uswisi, waliotangaza mwaka 1994. Waliijua kwanza kwa kazi yake tu: kitu fulani kwenye kiwele kinachoshika DNA ya kaseini pale prolaktini inapokuwapo, na kutoweka inapokosekana. Wakakisafisha kitu hicho hatua kwa hatua mpaka wakapata jeni yake. Mwaka 1996 wakaonyesha jambo jingine, kwamba kipokezi cha kortisoli hushikana na STAT5 na kuongeza nguvu yake kwenye jeni ya kaseini. Insulini nayo lazima iwepo. Kwa ng'ombe, homoni ya ukuaji ina sehemu kubwa katika kuyadumisha maziwa kwa miezi. Hakuna homoni hata moja inayotosha peke yake, na inapokosekana moja kazi inalegea au inasimama.

Hata hivyo kunakili jeni ni nusu ya kazi tu. Nakala ya RNA iliyotolewa kwenye kiini haidumu, seli huivunja. Mwaka 1979, mjini Houston, watafiti Guyette, Matusik na Rosen walipima kwenye tezi za maziwa za panya wakubwa wa maabara kitu ambacho wengi walikuwa hawajakifikiria kukipima: nakala za kaseini zinaishi muda gani. Waliona kwamba prolaktini iliongeza kasi ya kunakili mara 2 hadi 4 tu, lakini uhai wa kila nakala uliongezeka mara 17 hadi 25. Siri ya wingi wa kaseini ilikuwa zaidi katika kutunza nakala kuliko katika kuzitoa. Nakala moja iliyotunzwa inasomwa tena na tena, na kila ikisomwa inatoka protini moja: herufi kwa herufi, asidi amino kwa asidi amino, 209 kwa beta-kaseini. Hakuna njia ya mkato.

Halafu kuna suala la mahali. Mina Bissell, mwanasayansi mzaliwa wa Iran aliyefanya kazi Berkeley, California, alikuwa na seli za tezi za maziwa za panya ambazo zilikataa kutoa maziwa kwenye sahani za plastiki za maabara. Alizipa homoni zote. Zililala bapa, zikasahau zilichokuwa zikifanya. Zilipowekwa juu ya utando laini wenye laminini, ule unaovizunguka vifuko mwilini, zilijikunja zikawa duara, zikaacha uwazi katikati, na zikaanza kutoa kaseini ndani ya uwazi huo. Mwaka 1990 yeye na wenzake waliingiza sehemu ya jeni ya beta-kaseini ya ng'ombe ndani ya seli za panya, na sehemu hiyo ya DNA ya ng'ombe ilitii utando uleule. Kumbe jeni ilikuwa inasikiliza homoni kwenye damu, na pia inasikiliza sakafu ambayo seli imekaa juu yake. Nafikiri huu ni ugunduzi mzuri kupita wote katika habari hii, maana ulitokana na mtu kukataa kuamini kwamba seli zake ni mbovu.

Turudi zizini. Ndoo imefika nusu, vijito vimekuwa vyembamba, na bibi anabadilisha mshiko. Sasa anaminya kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, akiteremsha taratibu kutoka juu ya chuchu hadi chini. Anatoa tone la mwisho. Matone haya yana mafuta mengi kuliko yote yaliyotangulia, lakini hiyo si sababu pekee ya kuyafuata. "Ukiacha maziwa ndani, kesho hakupi," bibi anasema, bila kunigeukia.

Maneno hayo yalipimwa miaka ya 1980 katika Taasisi ya Hannah, mjini Ayr, Uskoti. Watafiti waliwachukua mbuzi, wakakamua upande mmoja wa kiwele mara tatu kwa siku na upande wa pili mara mbili. Damu ilikuwa ile moja, homoni zilezile, malisho yaleyale. Upande uliokamuliwa mara tatu ndio tu ulioongeza maziwa. Maana yake, kiwele kina kipimo chake cha ndani, kila upande na wake: maziwa yakikaa, yenyewe yanaiambia seli ipunguze. Yakikaa zaidi, siku mbili, tatu, STAT5 inapoteza fosfati zake, ndugu yake STAT3 anawashwa badala yake, jeni za kaseini zinanyamaza, na seli zinaanza kufa kwa utaratibu. Mkono unaomaliza kiwele unafika hadi kwenye zile herufi tisa. Ukamuaji wenyewe pia unainua prolaktini kwenye damu kila mara, na mdomo wa ndama unafanya hivyo kwa nguvu kuliko mkono.

Ndiyo maana ng'ombe wa asili akifiwa na ndama hukauka upesi. Asiposhusha, maziwa hubaki; yakibaki, jeni hufungwa. Wafugaji katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki walilijua tatizo hili zamani, wakawa wanaichuna ngozi ya ndama aliyekufa, wanaijaza majani makavu, na kuiweka mbele ya mamaye ainuse na kuilamba wakati wa kukamua.

Kilomita chache kutoka hapo, mjini Mpwapwa, kuna kituo cha utafiti wa mifugo chenye historia inayorudi hadi zama za Wajerumani, na sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI. Kazi ya pale ilikuwa ya uvumilivu wa namna nyingine. Kuanzia miaka ya 1930 na 1940, zebu wa hapa walichanganywa na madume ya Red Sindhi na Sahiwal, ng'ombe wa maziwa wa nchi kame ambayo leo ni Pakistan, wakaongezwa damu kidogo ya Boran, Ankole na Ayrshire. Lengo lilikuwa ng'ombe wa maziwa na nyama anayeweza kuimudu Dodoma, mahali ambapo mvua ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi mirefu ya ukame. Ng'ombe huchukua karibu miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na huzaa mmoja. Wafugaji wa kituo waliandika maziwa ya kila jike, siku kwa siku, wakabakiza mabinti wa waliofanya vizuri, wakasubiri wakue, wakaandika tena. Mwaka 1958 aina hiyo ilitambuliwa kwa jina la Mpwapwa. Leo wamebaki wachache, na inasikitisha, kwa sababu kilichokusanywa ndani yao hakiwezi kuagizwa kwa meli. Hakuna aliyekuwa akiona jeni wakati huo. Walikuwa wakichagua, kwa daftari na ndoo, ng'ombe ambao jeni zao hubaki wazi muda mrefu zaidi malisho yanapopungua.

Malisho nayo yana neno lake. Jeni ikiwa wazi na nakala zikiwa tele, seli bado inahitaji asidi amino za kuunganisha na insulini ya kuiambia iendelee. Mwezi wa Oktoba, nyasi zikiwa zimebaki mabua, bibi anampa ng'ombe wake konzi za mashudu ya alizeti yanayotoka kwenye mashine za kukamua mafuta. Ndani ya siku chache ndoo inaongezeka. Si nyingi, lakini anaiona, kwa kuwa anajua ndoo ya jana ilifika wapi.

Bibi sasa anachuja maziwa kwa kitambaa na kuyamimina kwenye kibuyu chenye mabaki kidogo ya mtindi wa juzi. Humo ndani kapa-kaseini, ile ya tawi jingine, inaonyesha kazi yake. Kaseini zote nne husafiri kwenye maziwa zikiwa zimejikusanya pamoja na kalisi na fosfati kuwa vidonge vidogo mno, na kapa hukaa juu ya kila kidonge, ikivizuia visigandane. Bakteria wa mtindi wanakula laktosi na kutoa asidi, asidi inaivunja nguvu hiyo, vidonge vinashikana. Kesho kibuyu kitakuwa na mgando. Mafuta atayatenga kwa kukitikisa kibuyu, kupakata, kutikisa tena, mpaka siagi itokee, na siagi atayeyusha iwe samli.

Watakaokunywa maziwa freshi bila tumbo kuuma wanategemea swichi nyingine ya jeni, iliyo ndani ya miili yao. Mwaka 2007 mwanajenetiki Sarah Tishkoff, pamoja na watafiti wa Muhimbili na wengine, walitangaza kwamba wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya wana badiliko la herufi moja ya DNA, karibu na jeni ya laktasi, linaloifanya jeni hiyo isizimwe mtu anapokua. Badiliko hilo ni tofauti na lile la Wazungu. Lilitokea huku, kwa watu wa hapa, ndani ya miaka elfu chache tangu ng'ombe wafike.

Bibi anafungua kamba ya miguu, kisha ya ndama, na ndama anakimbilia chuchu mbili zilizobaki. Ng'ombe huyu, ananiambia, ana mimba ya mwezi wa saba. Wiki hii anamkamua mara moja tu kwa siku, asubuhi, na wiki ijayo ataacha kabisa, ingawa bado anatoa na nyumbani maziwa yanahitajika. Kiwele kitajaa, kitauma siku mbili tatu, kisha kitanywea. Seli zilizochoka zitaondolewa na mpya zitajengwa mahali pao kwa ajili ya ndama ajaye, na kazi hiyo inataka karibu siku 60. Namuuliza kama hawezi kuendelea hata wiki mbili zaidi. "Naweza," anasema, akifunika kibuyu. "Lakini atakayezaliwa hatapata."